Neno la Siri Wakati wa Eda

Kiwanda chetu cha sabuni pale Mikocheni kilipopata mwenye mali mpya, mashine za kupiga chapa ziliondolewa ofisini, zikaja kompyuta zilizounganishwa kwa waya. Kazi yangu ikawa kuwafundisha wenzangu. Niliwaambia neno lako la siri hata mama yako mzazi usimtajie, na kila mwisho wa mwezi linakwisha muda. Usipoweka jipya, unafungiwa.

Aliyenielewa kuliko wote alikuwa karani wa stoo, mama wa makamo wa Temeke. Mwanzoni alikuwa akiogopa hata kugusa kibodi. Kisha mumewe akafariki, naye akakaa eda. Asingetoka nyumbani kwa miezi minne na siku kumi.

Nilimwomba meneja amwondolee sheria ile. Akasema ni moja kwa wote, mtandao una nafasi chache za watumiaji, atakayefungiwa nafasi yake anapewa mwingine, na kazi pia. Mwenye uwezo wa kuibadilisha alikuwa yeye, si mie.

Muda wa neno lake ukiwa umebaki siku moja nikaenda Temeke. Kwa kuwa ni mwanamke mwenzake, nilipitishwa hadi chumbani, nikamkuta amevaa nguo nyeupe, mashoga zake wamemzunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta hazijambo?"

Wakacheka wote. Nikamweleza polepole: aninong'oneze neno lake, niingie kwa jina lake, nimwekee jipya.

"Kumbe hukuja kunipa pole, umekuja kuniibia! Si wewe uliyesema hata mama mzazi?"

"Nilisema, mama. Lakini utapoteza kazi."

"Na wakikugundua? Yule dada wa mauzo alifukuzwa kwa nini?"

Sababu niliijua. Alifukuzwa kwa kuingia kwa jina la mwenzake.

"Basi. Mie nimefiwa, nawe ukose kazi, tutakuwa tumefanya nini? Halafu meneja alikuja mazikoni, alibeba jeneza. Hawezi kunifanyia hivyo."

"Anaweza, mama."

Akatikisa kichwa, akanisogezea kikombe cha chai.

"Sasa nifundishe nitakaloweka nikitoka eda, nisije nikahangaika."

Nilitaka kukataa, maana kesho yake angefungiwa, lakini sikuweza. Nikaanza: herufi zisipungue sita, changanya na tarakimu, usitumie jina la mtu wa nyumbani. Akawa anarudia kwa sauti ya chini, hakosei hata moja. Nikamsifu, kama nilivyozoea kumsifu, nikaendelea na somo.