Asilimia Hamsini na Nane

Hakuna aliyemlazimisha Charlotte kusimama. Ilikuwa Jumapili ya kuwabariki vijana waliomaliza sekondari, na kanisa la Wakongomani pale Sharpstown, Texas, lilijaa majoho na vigelegele. Binti yake, Zoé, mmoja wa wahitimu hao, alikaa mstari wa mbele. Pasta Placide alipowaomba wazazi waseme neno, Charlotte akashika maikrofoni. Si mtu wa kujionyesha; kutwa anawaogesha wazee wa watu na kuwabadilishia mashuka, na kazini hakuna aliyewahi kumuuliza kama alisoma. Siku hiyo alitaka watu wote, mbele ya mwanawe, wajue kwamba alisoma.

"Ba jeunes," akasema, "hata mimi nilipata diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, kule Bukavu. Fifty-eight pour cent!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Vijana wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, masikini. Walidhani anatania, maana hapa Texas ukipata chini ya sabini umefeli. Charlotte akacheka nao bila kujua wanachocheka, mpaka alipomwona Zoé ameinama, kajifunika uso kwa viganja. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akarudisha maikrofoni, akatoka nje.

Zoé alimfuata hadi kwenye gari, akaketi kando yake.

"Mama, why? Fifty-eight ni F. Umewaambia watu wote uli-fail!"

Miaka yote Zoé alikuwa akiambiwa asome kama mama yake alivyosoma, na sasa alijiona amedanganywa. Charlotte alilisoma hilo usoni mwake. Kuosha vyoo vya watu hakukuwahi kumuuma namna hiyo.

"Sikia, Zoé. Huku banakupatia mia, kisha kila ukikosa banatosha, banapunguza. Kule kwetu tulianzia zéro. Mwalimu akikupa point moja, utasema unamunyang'anya chakula. Ukifika makumi tano, umepita. Ukifika makumi sita, quartier nzima, mtaa yote, inakujua."

Zoé alitazama nje dirishani. "So watu walifurahi? Na fifty-eight?"

"Walifurahi sana! Majina ilisomwa ku radio. Ukipita, banakumwangia poudre, poda nyeupe, ku kichwa, unatembea nayo barabarani, kila mutu aone." Akasita. Kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtoto huyu, na siku zote alidhani hatalisema kamwe. "Tulifanya mtihani pamoja na dada yangu, Nsimire. Ilikuwa vita. Risasi ilimupata mbele ya matokeo kutoka. Tulikuwa tumekwisha kumuzika wakati radio ilisoma jina yake. Makumi tano na moja. Mama yetu akabeba poudre, akaenda kuimwanga ku kaburi."

Zoé alikuwa hajawahi kulisikia jina la Nsimire. Akafungua mlango wa gari.

"Unaenda wapi?"

"Ndani. Ku-talk nao."

Charlotte hakuwa na nguvu za kumzuia. Milango ya kanisa ilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na muda si muda sauti ya mwanawe ikatoka kwenye spika hadi kule yalikoegeshwa magari.

"Mama yangu alipata fifty-eight. Na auntie yangu, Nsimire, alipata fifty-one. Walipita. Wote wawili walipita. Tafadhali, simameni."

Charlotte aliisikia miguu ya viti ikikwaruza sakafu, vijana wakiinuka. Akainamia usukani akalia kwa sauti. Tangu siku ya redio, hakuna aliyekuwa amelitaja jina la dada yake mbele za watu.