Nanasi Halingoji Ilani

Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa dogo, na kwa udogo wake lilipenya kila mahali: nikisema mjomba wangu anaumwa, ilhali haumwi, nitakuwa nimemtukana au nimemstiri?

Nililigeuza kama mtu anavyogeuza mto wenye joto. Upande mmoja, kuumwa si aibu. Ni mtihani wa Mungu, na mgonjwa huombewa. Upande wa pili, kuna kuumwa mguu, na kuna kule kuumwa ambako watu wakikutaja hugusa kichwa kwa kidole. Kulipopambazuka bado nilikuwa sijajua nimelalia upande upi.

Tangu nimalize chuo, na shahada yangu ya uhusiano wa umma, kazi yangu ya kweli ilikuwa kusoma simu. Niliishi kwa mama, Kihonda, mjini Morogoro, kwenye chumba kilekile nilichokiacha nikienda kusoma. Asubuhi nilifungua matangazo ya ajira. Yakinikatisha tamaa, na hayakuwa yakichelewa, nilihamia kwenye habari za ajabu. Mji mdogo wa ng'ambo umemchagua mbuzi kuwa meya. Bwana mmoja kamshtaki jogoo wa jirani kwa kuwika. Msanii kaachana na mchumba wake, kesho wamerudiana, keshokutwa wimbo mpya umetoka, kumbe machozi yote yale yalikuwa tangazo. Nilimsomea mama huku akikanda unga wa maandazi.

"Huyo mbuzi ana mshahara?" aliuliza siku ile.

Nikacheka. Kisha nikaingia chumbani kulia, kwa sababu niligundua ninamwonea mbuzi wivu.

Nilikwisha kwenda Dodoma kwenye usaili ambako tulikuwa wengi kiasi kwamba meza hazikutosha, tukaandikia magotini. Nilikwisha kujitolea ofisini kwa watu hadi wakanizoea kama kiti. Kila nilipoambiwa "tutakupigia", nilitembea na simu mpaka chooni. Ninayaandika haya ili ieleweke nilikuwa nimefika wapi simu ilipolia kweli.

Msimu wa siasa ulikuwa umeanza, na watia nia wa ubunge walipanda milimani kama siafu baada ya mvua. Mmoja wao, mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alifika Kinole, kijijini kwao mama. Akafanya mkutano, akaahidi kuwa barabara itaingia kwenye ilani ya uchaguzi, akauliza kama kuna mwenye neno. Wakampa mjomba kipaza sauti.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mkubwa wa ukoo huo. Yeye hugawa mashamba, huamua ugomvi wa mipaka, na bila yeye posa haipokelewi. Mjomba wangu hufanya yote hayo kwa sauti ya chini, na analima mananasi. Mwaka huo barabara ilikuwa imekatika kwenye daraja, na malori hayakupanda.

Kilichosambaa mitandaoni kilikuwa kipande kifupi. Mzee mwenye kofia ya kufuma, kidole juu, anamwelekezea mgeni: "Nanasi halingoji ilani! Unatabasamu nini? Nanasi halingoji ilani!" Basi, kikaishia hapo.

Kijana fulani akaichukua sauti hiyo, akaiongeza kasi, akaitia ngoma za singeli. Haikuchukua muda, "halingoji-halingoji-halingoji" ikawa inatoka kwenye saluni, kwenye harusi, kwenye spika za wauza dawa za mende. Mchambuzi wa soka alisema mshambuliaji fulani hangoji ilani, anafunga tu. Wapinzani wa yule mtia nia waliimwaga kwenye kila kundi la simu. Siku moja nikawaona wauguzi wa nchi ya theluji wakiicheza wodini, hawajui hata neno moja la Kiswahili, wananyoosha kidole kama mjomba. Nilikuwa nimezoea habari za ajabu zitoke mbali. Sasa mbuzi alikuwa wetu.

Nilisoma maoni yote, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma maoni yote. Wengi walicheka. Lakini neno moja lilijirudia: mzee hana adabu, hata salamu? Anamnyooshea mgeni kidole, wazee wenzake wamekaa meza kuu, hata salamu?

Aliyepiga simu alikuwa kijana wa mitandao wa mtia nia. Tulikutana kwenye kibanda cha juisi karibu na stendi ya Msamvu.

"Dada'angu, wewe ni dhahabu," aliniambia kabla sijakaa. "Mpwa wa damu. Msomi. Sura ya kamera. Bosi anatafuta mtu kama wewe."

"Wa kufanya nini?"

"Mitandao. Unamsemea bosi."

"Yaani chawa."

Alicheka hadi juisi ikampalia. Chawa ndivyo tunavyowaita watu wanaoishi kwa kumsifia mkubwa mitandaoni na kuwang'ata wanaompinga. Wapo chawa wa wasanii na chawa wa wanasiasa, na baadhi wana magari.

"Chawa ni wale wa kujitolea," alisema akijifuta. "Wewe utakuwa afisa. Uchaguzi ukiisha, ofisi Dar, barua ya ajira mkononi. Ila kuna kitu kidogo cha kuanzia. Jumamosi saa kumi naingia mubashara kwenye ukurasa wa bosi, wewe unaungana nami kwa simu. Unajitambulisha. Unasema yule mzee ni mjomba wako, unampenda sana, ila siku hizi afya yake haiko sawa. Unaomba radhi kwa niaba ya familia. Tumemaliza."

"Mjomba haumwi."

"Nimesema kalewa? Kuna mwenzetu alitaka useme kalewa, mimi nikakataa. Nikasema jamani, tumstiri mzee. Afya tu. Nani haumwi dunia hii?"

"Kwa nini niseme mimi?"

"Kwa sababu kwenu mpwa akisema, ukoo umesema." Akanikonyeza. "Mimi mtu wa kuja, lakini nimefanya utafiti."

Sikumkatalia. Nilimwambia nitafikiri, na kwangu kufikiri ni kama mtu mwingine kuugua. Siku zile hadi Jumamosi nilijibu hoja na kuyajibu tena majibu. Mjomba ana kisukari kidogo, kwa hiyo si uongo kamili. Lakini kisukari hakimfanyi mtu aseme nanasi linaoza. Lakini watu watasahau; mitandao husahau. Lakini Kinole haisahau. Lakini Kinole haitaniajiri.

Mama nilimweleza akiwa anachoma maandazi. Aligeuza yote yaliyokuwa kwenye karai kabla ya kusema.

"Kamuulize mwenyewe," alisema.

Jumamosi asubuhi nikapanda Kinole. Kutoka Mkuyuni nilichukua bodaboda. Dereva alikuwa kijana wa makamo yangu, na simu yake ilipoita tukiwa kwenye kona, ikamwita kwa sauti ya mjomba.

"Samahani dada, hii ndiyo nyimbo ya taifa huku," alisema. "Unaenda kwa nani?"

Nikamtajia nyumba.

"Kwa Mzee Halingoji! Nipige picha naye basi. Ila umsalimie wewe kwanza, yeye salamu hajui." Akacheka peke yake mpaka kwenye daraja lililokatika. Pale tulishuka, akaisukuma pikipiki kwenye mawe, mimi nikivuka maji na viatu mkononi.

Harufu niliisikia kabla ya kuiona nyumba. Mananasi yalikuwa yamerundikwa chini ya migomba, yamefunikwa majani makavu, na yale ya chini yalikuwa yameshaanza kutoa maji. Nyuki walikuwa juu yake kama watu kwenye mnada. Mjomba alikuwa amechutama, anachambua mazima na mabovu, na rundo la mabovu lilikuwa limelishinda jingine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Za mama?"

"Salama."

"Za mjini?"

"Salama."

"Kazi?"

"Bado, mjomba."

Mke wa mjomba alinitolea kigoda na nanasi lililokatwa, tamu kiasi cha kuuma ulimi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Sikuyatumia, kwa sababu mjomba alitangulia.

"Hivi huko mjini," aliuliza, bado anachambua, "mwanzo wake upo?"

"Mwanzo wa nini?"

"Wa yale maneno yangu. Kwenye simu ya jirani naanzia katikati, kama mtu aliyeingia kwa watu bila hodi. Nikadhani labda simu yake mbovu. Nikamwomba na mwalimu yake. Nayo hivyohivyo."

"Mwanzo haupo, mjomba. Wamekata."

Aliacha kuchambua. "Nilisalimia," alisema. "Nilitoa salamu ya Mungu. Nikawaamkia wazee wa meza kuu, na wawili wao nimewazidi umri, nikawapa heshima ya kiti. Akina mama nikawasalimia. Mgeni nikampa pole ya safari, nikamwambia barabara yetu umeiona mwenyewe. Ndipo nikasema la mananasi. Akatabasamu. Ndipo nikanyoosha kidole. Kidole nakubali ni changu."

Kwa hiyo kucheka kwa watu hakukumuuma. Wimbo ule, mkewe aliniambia, aliwahi hata kuutikisia bega. Kilichomla ni salamu. Mzee mmoja wa kijiji cha pili alikuwa ameacha kumwitikia njiani, akisema haitikii asiyeamkia. Na kulikuwa na kesi ya mpaka kati ya binamu zangu wawili. Mmoja alikuwa amekataa kuja kwenye kikao, akauliza ataamuliwaje na mtu asiyejua hata kusalimia.

Hapo swali langu la kitandani likajijibu, na jibu lilinitia baridi. Kwa asiyesalimia watu hununa, na mnuno huisha. Mzee ambaye mpwa wake mwenyewe ametangaza kuwa afya yake haiko sawa hatagawa tena shamba, wala hatapokea posa. Watampelekea uji, wamwite "babu" kwa upole, na waamue mambo bila yeye. Lile neno la kustiri lilikuwa baya kuliko pombe. Mlevi hulevuka.

Nikamweleza yote: kibanda cha juisi, saa kumi, barua ya ajira.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, na ambacho mpaka leo sijamsamehe.

"Sema," alisema. "Kama ni kazi, sema naumwa. Mimi nimeshakula chumvi. Ukoo ni wewe. Watoto watatoka kwako, si kwangu. Sema."

"Na aseme unaumwa nini?" mkewe akauliza kutoka jikoni. "Mwambie aseme una mimba. Tumbo unalo."

Tulicheka wote watatu, na kicheko hakikusaidia. Nilikuwa nimepanda mlima nikitafuta mtu wa kunikataza. Mjomba angenikataza ningerudi Kihonda na sababu yangu, nimkasirikie yeye, nijihurumie, nisome habari za mbuzi. Badala yake alinipa ruhusa, na ruhusa ilinivua nguo. Sasa ilikuwa juu yangu peke yangu. Niliitazama simu. Ujumbe ulikuwa umeingia: "Saa kumi dada, usituangushe. Bosi mwenyewe atakuwepo."

Nilizunguka mananasi. Nilijiambia nitasema, kisha baadaye nitasahihisha. Nilijiambia nitazima simu na kusingizia mtandao. Hilo nilikaribia kulifanya, maana Kinole mtandao ni kisingizio kinachoaminika. Lakini kuzima simu kungekuwa kukata mwanzo na mwisho pamoja. Wangetafuta mpwa mwingine. Wapo.

Mtandao hushika kwenye jiwe kubwa juu ya msikiti. Nilipanda. Mjomba alinifuata hadi chini ya jiwe, akageuka akatazama bondeni, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kujisaidia. Chini kabisa Morogoro ilionekana kama mabati yaliyomwagwa. Simu ikaita, nikapokea, uso wangu ukatokea pembeni ya uso wa yule kijana.

"Watu wangu wa nguvu," alisema, "tunaye mpwa wa mzee wetu wa nanasi, dada msomi kabisa. Dada, karibu utupe neno la familia."

Nilisema polepole, nisimeze hata silabi moja.

"Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wetu mliokaa meza kuu siku ile Kinole. Akina mama, hamjambo. Mheshimiwa mgeni, pole na safari. Barabara yetu umeiona mwenyewe."

Kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alidhani ni heshima zangu.

"Hivi ndivyo mjomba wangu alivyoanza," nilisema. "Wamekata. Alisalimia wote, na haumwi pop—"

Mkono wa kijana ukaja mbele, kioo kikaganda, kikawa cheusi. Nikajiona humo, mdomo wazi. Nilijua kwamba simu ile haitaniita tena, wala barua haitakuja, wala Dar. Nikamalizia sentensi hata hivyo, kwa sauti, kwa simu iliyokufa na kwa mgongo wa mzee aliyesimama chini yangu. Kisha nikakaa palepale juu ya jiwe.