Dai ya Tano ya Mzee Idarous

"Mama Jeannine, ile kazi unafanyaka kule Digbeth, inauaka watu ama haiuake?"

Gustave ndiye aliyeuliza, jirani wa ukuta mmoja katika mtaa wa Winson Green na mpiga gitaa wa kanisa. Aliuliza langoni, amebeba mfuko wa takataka, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Jeannine akacheka. "We Gustave, peleka takataka zako!" Lakini swali liliingia naye ndani likaketi. Yeye ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kila Jumamosi saa kumi na moja, na hakuna mama pale asiyejua kwamba mumewe alipigwa risasi akafa kwenye kizuizi cha barabara karibu na Kalehe, kule Kongo, mbele ya macho yake.

Na kazi yake ni hii. Chini ya tao la reli huko Digbeth kuna duka dogo la Mwingereza mmoja, Clive, linalouza vifaa kwa watu wa vilabu vya kulenga shabaha. Bastola zimekatazwa nchi hii ya Waingereza, ila zipo bunduki ndefu zinazokula risasi za bastola, na wenye vibali hujijazia risasi zao nyumbani. Risasi ikishapigwa, ganda la shaba hubaki, na ganda hilo hutengenezwa upya kwa mashine yenye mkono wa chuma wa kuvuta. Kila mkono ukishuka, sahani inazunguka, ganda linahamia chini ya dai nyingine. Dai ni chuma cha mviringo, kirefu kama kidole gumba. Ya kwanza hulibana ganda lirudi kipimo chake, ya pili hulipanua mdomo wakati baruti inamwagika, nyingine huketisha kichwa cha risasi, ya mwisho hukaza. Jeannine alianza pale kama mfagiaji. Clive alipoona vidole vyake havikosei, akamkalisha kaunta awachagulie wateja dai.

Clive alimpa sheria moja. Usifunge boksi kabla hujauliza maswali matatu: bunduki yako inakula risasi ipi, mashine yako ina matundu mangapi ya kukaa dai, na je, macho yako yanaiona baruti ndani ya ganda? Kwa miaka mitatu Jeannine aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuchechemea, na Waingereza wakamjibu kwa heshima. Usiku alilala vizuri. Alijiambia kwamba wale ni wazee wanaotoboa karatasi, basi.

Jumamosi iliyofuata swali la Gustave, asubuhi, aliingia dukani mzee mrefu, kofia kichwani, dereva wa basi aliyestaafu. Akasoma jina kwenye aproni ya Jeannine, akaisogeza karatasi yake ya mahitaji karibu sana na pua, kisha akasema kwa Kiswahili cha pwani ya Kenya:

"Jeannine! Wa Kongo wewe, siyo? Haya dada, nitolee dai za risasi ya thelathini na nane. Seti ya dai nne yanitosha. Na upesi, kesho tuna mashindano."

 Hakuna mtu aliyewahi kumtajia Jeannine risasi kwa Kiswahili tangu siku ile ya kwenye kizuizi. Na kule kwao mwenye bunduki haulizwi neno. Unainamisha macho, unampa anachotaka, unaomba Mungu aondoke.

"Mbona wanitazama kama askari wa trafiki?" mzee akatania. "Sikuvuka taa mimi!"

 Jeannine aliinamisha macho, akafunga boksi. Hakuuliza hata swali moja. Mzee akatoka akipiga mluzi.

Saa tisa Clive alipitia mauzo ya siku, akatua kwenye jina moja. "Idarous? Huyu mashine yake ina matundu matano, aliinunua hapa hapa. Ulimpa ile ya tano?"

Seti ya dai nne humaliza kazi yote, ila kwenye mashine ya matundu matano tundu moja hubaki wazi, na hapo ndipo hukaa dai ya tano, ile inayokwamisha mkono usishuke kama baruti imemwagika mara mbili. Mwenye macho mazima anaweza kufanya bila hiyo, akachungulia ganda moja moja. Jeannine akaikumbuka karatasi ile, ilivyokaribia kugusa pua ya mzee. Aliliona jambo hilo kwa macho yake, akanyamaza. Ganda lenye baruti mara mbili huipasua bunduki usoni pa mpigaji.

Wakapiga simu. Ikalia weee, hakuna aliyepokea. Clive akasema huenda mzee ataligundua kosa mwenyewe. Jeannine alikwishavua aproni.

"Nipe hiyo dai, na unipe anwani yake."

Kwenye kituo cha basi alikutana na Gustave, gitaa mgongoni.

"Mama, kanisa ni upande huu!"

"Mwambie mama Marie-Claire aongoze maombi leo."

"Unaumwa?"

"Uliniuliza kama kazi yangu inaua. Leo ndiyo naenda kuangalia."

 Basi la Soho Road likaja, Jeannine akapanda. Njia nzima aliikamata dai ndani ya mkoba, akisema Baba Yetu na kuikosea, akianza upya. Aliona aibu kumwomba Mungu afute kitu ambacho maswali matatu yangekifuta asubuhi.

Mzee Idarous alifungua mlango wa nyumba yake ya Handsworth, mikono ina weusi wa mafuta. "Eh! Dada wa Kongo! Duka lenu siku hizi laleta mpaka mlangoni?" Simu alikuwa ameiacha jikoni. Akampeleka hadi banda la nyuma ya nyumba, kwa fahari. Mashine ilifungwa mezani, na kando yake bakuli la plastiki lenye risasi zinazong'aa.

"Arobaini tayari," akasema. "Na haya macho yangu hayajambo, usinitazame hivyo. Kidogo tu ukungu. Nimejaza risasi tangu hujafika nchi hii."

Jeannine aliliangalia tundu lililo wazi, kisha lile bakuli.  Akaiweka dai ya tano mezani, na mara hii hakuinamisha macho.

"Papa Idarous, asubuhi nilikuogopa, sikukuuliza nilichopaswa kukuuliza. Nakuomba hizi arobaini usizipeleke kesho. Leta koleo, uzifungue moja moja, mimi nikuangalizie baruti."