Nilivyombariki Samaki wa Neema

Mjukuu wangu Neema alikuwa kwenye majaribio ya kazi katika maabara. Akikosea, ajira hana. Alipewa kipande cha samaki wa Kunduchi, atambue kwa vinasaba ni samaki wa aina gani. Nilipompelekea chakula, alinieleza kuwa mashine hunakili vinasaba vyovyote vilivyomo kichupani mara nyingi mno, kama seli inavyonakili vyake kabla ya kugawanyika. Nikamshukuru Mungu. Alipogeuka, nikavitemea vichupa vyake vilivyokuwa wazi mate ya baraka, kama sisi wazee wa Kichaga tunavyobariki wajukuu.

Siku ya majibu nilikwenda kushukuru.

“Neema, samaki wako ni binadamu,” alisema msimamizi.

“Haiwezekani, bosi!”

Msimamizi akanigeukia. “Shikamoo, mzee. Vile vichupa ulivigusa?”

“Marahaba, mwanangu. Sikuvigusa kabisa. Nilivitemea tu.”