Kadi ya Kliniki ya Gari

Kwa mambo ya injini hakuna tena cha kunishangaza. Shule niliacha darasa la nne, nikawa taniboi wa malori, nikawa dereva, na biashara zilipofunguliwa nikanunua lori langu mwenyewe, halafu la pili. Nimebeba mahindi ya Kahe na ndizi za mlimani miaka ile oili huipati hata kwa dawa. Tulikuwa tunaongeza mpya kidogo juu ya ile ya zamani na lori linakwenda. Hayo sikufundishwa na msomi yeyote.

Kwa hiyo iliniuma sana mama yangu mzazi alipochagua kupanda gari la mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari. Ada yake nililipa mimi, nasema wazi, na yeye mwenyewe hakatai. Magari ya mtumba ya Kijapani yalipoanza kuingia kwa wingi alikopa, akanunua kigari cheupe chenye viti vilivyochoka. Mwezi uliofuata nikanunua langu, fedha taslimu: refu, lina turbo, magurudumu yote manne yanavuta. Nikiliegesha nyumbani kwetu Kibosho, pale kwenye kihamba, shamba letu la migomba, lile lake lilikuwa kifaranga pembeni ya jogoo. Lakini Jumapili kengele ya kanisa ikilia, mama anapita mbele ya jogoo, anaingia kwenye kifaranga.

Nikamuuliza kisa. Akasema, "La mdogo wako lina kadi ya kliniki. Lako lina?"

Kumbe mdogo wangu alikuwa na kadi ngumu ya buluu ndani ya gari. Kila kilomita elfu tatu anamwaga oili yote, anabadilisha filta, anaandika tarehe na kilomita. Wengine wanasema elfu tano, yeye elfu tatu, eti kwa sababu ya vumbi letu na milima. Oili ya gia ina zamu yake, mkanda wa injini una zamu yake. Mama hajui kusoma, lakini amelea watoto saba na kadi ya kliniki anaijua: mtoto mwenye mistari mingi ni mtoto anayeangaliwa.

Nilimwambia mdogo wangu anamwaga pesa chini. Akanijibu kwamba injini za siku hizi zina njia nyembamba za oili, hazivumilii uchafu kama malori yangu. Alisema kwa upole, kama anavyosema na wanafunzi wake, na upole ule ndio ulionikera. Nyumba za watu nimeziona, maghorofa nimeyaona, sijawahi kumwonea mtu wivu. Kile kikadi cha buluu nilikionea wivu mpaka chakula kikawa hakina chumvi.

Wiki moja kabla ya Krismasi nikaenda kwa fundi wangu Moshi mjini. Akachomoa kijiti cha oili, akasugua kwenye vidole, akasema hii sasa ni lami. Nikamwambia aache oili, mimi nataka kadi, tena yenye mistari mitano. Hela ya oili nilikuwa nayo mfukoni, msinifikirie vibaya. Lakini kuimwaga ingekuwa kukubali kwamba mwalimu amenifundisha injini.

Fundi alicheka, halafu akaona sicheki.

"Kadi nakujazia, bosi," akasema. "Ila injini haijui kusoma."

Nikampa elfu mbili.

Asubuhi ya Krismasi ndugu wote wamerudi nyumbani, magari yamejaa mpaka kwenye migomba. Nikampa mama kadi mbele ya watu. Akapitisha kidole, mstari kwa mstari, akafika wa tano, akakunja khanga yake vizuri, akakaa kiti cha mbele. Mdogo wangu alikuwa anafuta kioo cha kifaranga chake. Nilipompita nikapiga honi mara mbili. Aisee, nilikuwa tajiri siku ile.

Tulipoanza kupanda kwenda kanisani mama akauliza, "Hiyo birika nyekundu inayowaka hapo ni ya nini?"

Ni taa ya oili, imechorwa kama birika, na ilikuwa imeanza kuwaka tangu jana yake nikitoka Kahe. Nikamwambia ni taa tu, mama.

Hatukufika kona ya pili. Injini iligonga, ikagonga tena kama mtu anapiga nyundo kwenye sufuria, ikazima. Waumini wakawa wanatupita kwa miguu na nguo zao mpya, wananipa pole, na kila pole ilikuwa na kicheko ndani. Halafu kifaranga kikaja, polepole, bila moshi.

Mdogo wangu akamshusha mama kwa mkono. Mama alikuwa bado ameshika kadi yangu. Akampa, akamwambia amsomee, maana yeye haelewi mtoto wa kadi nzuri hivi amekufaje.

Mdogo wangu akasoma kimya. Tarehe zote tano, kalamu moja, mwandiko mmoja. Akaniangalia. Nilitamani anitukane.

"Imeandikwa vizuri, mama," akasema. "Chuma nacho huugua ghafla."

Akanirudishia kadi. Hata kwa kunisitiri alinishinda.

Wakaenda misa. Mimi nilibaki na gari, na waliporudi nikamwambia mama ukweli mwenyewe, mbele ya mdogo wangu, kwa sababu sikutaka kudaiwa na upole wake. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimekula.

Injini nyingine ya mtumba ilitoka Dar. Siku ya Pasaka nilikuja nyumbani na kadi mpya. Mama akamwita mdogo wangu aisome kwa sauti: oili mpya, filta mpya, tarehe, kilomita. Mstari mmoja, wa kweli.

"Mmoja," mama akasema, akaelekea kwenye kifaranga. "Ikifika mitano nitapanda, mwanangu."

Nimepiga hesabu, injini, fundi, kuvutwa mpaka mjini, oili, filta, pamoja na ile elfu mbili ya uongo. Mstari ule mmoja umenigharimu shilingi milioni moja, laki moja, thelathini na saba elfu na mia tano.