Adeline na Mstari wa Maji

Adeline hakujifunza Kiingereza kwa kukipenda. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kule Bule, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na Kifaransa chake kilimtosha kwa yote aliyotarajia duniani. Lakini mwaka 2003 vita vilimsukuma mpaka Bunia, kwenye kambi iliyobanana kando ya uwanja wa ndege, na huko akakuta mambo ya maji yako mikononi mwa mtu asiyejua Kifaransa wala Kiswahili.

Mtu huyo alikuwa injinia wa shirika moja la misaada, mrefu, shingo imebabuka kwa jua. Alikuja mara kwa mara, akapita kati ya vibanda vya plastiki, akauliza kupitia dereva wake, akaondoka. Tangi lilikuwa moja tu, karibu na lango, na kabla mstari haujafika nusu lilikuwa limekauka. Waliokosa waliteremka kijitoni, na njia ya kijitoni ilipita penye kizuizi cha vijana wenye bunduki. Martine, jirani yake Adeline, aliteremka asubuhi moja na bidoni, dumu la njano la kuchotea maji. Bidoni ilionekana majanini. Mwenyewe hakurudi.

Tangu hapo Adeline alikuwa na jambo moja kichwani: mdogo wake Rebecca, aliyekuwa na nguvu za kubeba na kwa hiyo ndiye aliyetumwa, asiteremke tena kule. Kama tangi la pili linaombwa kwa Kiingereza, basi Kiingereza kitajulikana.

Alimwendea Floribert, aliyesoma sekondari ng'ambo ya mpaka, kule Arua, ambako husomwa kwa Kiingereza, na sasa alifundisha chini ya turubai kwa yeyote aliyemletea kuni.

"Mwalimu, unifundishe Kingereza ya mayi tu," Adeline akasema, akitua mzigo wake.

"Kingereza ya mayi haiko, Mama. Iko Kingereza tu."

"Basi tuanzie pale penye mayi."

Floribert akacheka, akaanza na wingi. Sisi, alisema, tuna neno moja la kufunika kila kitu: watu mingi, unga mingi, mayi mingi. Wenzetu wa Kiingereza wanagawa. Kitu unachoweza kukiinulia kidole, kimoja, viwili, vitatu, kikiwa tele ni *many*, kikipungua ni *few*. Kitu cha kumiminika au cha kuchotwa, kikiwa tele ni *much*, kikipungua ni *little*.

"Neno moja banakata vipande ine," Adeline akasema. "Hawana kazi ingine?"

"Weye ukienda soko, unauliza unga ngapi?"

"Hapana. Nauliza kopo ngapi."

"Basi unajua tayari. Kitu isiyohesabika, unaitafutia chombo. Ukishika chombo, unaweza kuhesabu."

Adeline alilichukua lile somo akazunguka nalo kambi nzima. Watoto, *many*. Moshi, *much*. Chumvi, *little*. Viberiti, *few*. Kwenye sabuni alisimama kabisa, kwa sababu sabuni haihesabiki lakini vipande vyake vinahesabika, akarudi kwa Floribert kuuliza, akarudi tena siku iliyofuata kuuliza habari za mchele.

"Yaya," Rebecca akamwambia dada yake, "sasa unasalimia mpaka moshi?"

"Niache. Moshi inanijibu vizuri kuliko weye."

Mpaka wakati huo aliyekuwa akimtafsiria injinia ni dereva wake. Siku dereva alipougua, injinia alifika peke yake, akasimama langoni akitazama huku na huku. Adeline akamwendea moja kwa moja. Alimwambia kwamba anajua Kiingereza kidogo, na akalichagua neno la kidogo kwa uangalifu. Injinia akamwashiria watangulie.

Kibanda cha kwanza kilikuwa cha Mama Gertrude, mwanamke mtu mzima aliyeuza maharagwe miaka mingi katika soko la Bule na ambaye wanawake wote wa huko walimsikiliza. Alikuwa amekwisha kupangusa kigoda chake cha pekee na kukiweka mbele ya mgeni. Injinia akaketi, akauliza kama maji yapo ya kutosha. Adeline akatafsiri.

Gertrude akatabasamu. "Umwambie mayi iko. Tunashukuru sana."

Jirani yake akaitikia vilevile kutoka kibanda cha pili. "Iko. Tunashukuru."

Ndipo Adeline alipoelewa kwa nini tangi la pili halikuja. Huko kwao mgeni haambiwi kwamba nyumba haina kitu. Hata chungu kikiwa kikavu, ataambiwa "iko", na msichana atapitishwa kwa nyuma aende kuomba kwa jirani. Kumwambia mgeni "hakuna" ni sawa na kumwonyesha mlango. Dereva hakudanganya hata mara moja. Alikuwa amepeleka adabu ya wanawake kama ilivyo, na injinia aliamini kwamba kambi ina maji.

Akamgeukia Gertrude, akainama. "Mama, mayi iko wapi? Kijitoni?"

"Nyamaza weye. Mutu ametoka mbali, unataka tumupe haya?"

Angeweza kumwambia injinia yeye mwenyewe. Lakini Gertrude angekuwa pale akitikisa kichwa na kutabasamu, na mgeni angemwamini nani? Adeline akabadilisha swali.

"Mama, jana ulipata bidoni ngapi?"

Gertrude akamtazama. Hilo halikuwa swali la mgeni na mwenyeji. Lilikuwa swali la sokoni, na kwenye kipimo Gertrude hakuwahi kumdanganya mtu.

"Moja," akasema.

"Na muko watu ngapi humu?"

"Tisa."

"Ingine mulichota wapi?"

Gertrude akarekebisha kitenge chake. "Kijitoni. Unajua, kwa nini unaniuliza?"

Adeline akamgeukia injinia. Maneno yalikuwa machache na hakujaribu kuyapamba: bidoni moja, watu tisa, wanawake wengi wanakwenda mtoni, mmoja hakurudi. Alitumia *many* mahali pake, ila wakati huo hata hakujisikia akilisema.

Injinia akainuka kwenye kigoda. Akauliza yule mmoja anaitwa nani.

"Martine," Adeline akajibu.

Wakapita kibanda kwa kibanda. Adeline hakuuliza tena kama maji yapo. Aliuliza bidoni, na wanawake walijibu kwa namba, mmoja baada ya mwingine, wengine bila kumtazama mgeni usoni. Karibu na mwisho injinia mwenyewe alitangulia kuuliza, "Bidoni gapi?" wanawake wakavunjika mbavu, mmoja akamwambia, "Uingie kwa mustari basi, muzungu, utaona."

Tangi la pili lililetwa na lori, likawekwa upande wa wanawake, mbali na lango. Rebecca hakuteremka tena.

Asubuhi ya kwanza Gertrude alifika na bidoni yake, akamkuta Adeline akisimamia zamu.

"Mutoto wa Bule," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "umenivua nguo mbele ya mugeni."

"Ndiyo, Mama. Sogeza bidoni."

Gertrude akasogeza, akachota, akaondoka bila kuaga. Hakumwitikia salamu kwa muda mrefu baada ya hapo. Adeline alimsalimu hivyo hivyo, kila alipofika kwenye mstari, kisha akamwita anayefuata.