Mlinzi wa Urithi na Ukuta wa Saruji

Mwalimu mstaafu wa kijiji kimoja cha jimbo la New Mexico, Marekani, hakuwahi kuwa na kucha safi. Kila kiangazi alichanganya udongo na majani makavu, kisha akawaongoza wanawake kukandika upya kanisa la matofali mabichi kwa viganja vyao, huku akiwasimulia kwa Kihispania mababu zao walivyoibiana kondoo na wachumba. "Historia isiyo na umbea," alisema, "ni makaburi matupu."

Fidencio Archuleta, mwanafunzi wake wa zamani na sasa diwani, alitaka kumuenzi angali hai. Mwalimu alipokwenda Denver kwa bintiye, Fidencio alilipiga kanisa zima saruji, akabandika ukutani kibao cha shaba chenye jina la mwalimu na maneno "Mlinzi wa Urithi Wetu." Siku ya sherehe ya uzinduzi, mwalimu akiwa amerudi, hotuba ya Fidencio ilikuwa ndiyo kwanza imekolea wakati mwalimu alipousogelea ukuta na kuugonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyogonga vichwa vya waliosinzia darasani.

"Fidencio, mwanangu, udongo hupumua. Wewe umeuziba pua. Maji yatanasa humo ndani, na baada ya misimu miwili mitatu ya baridi utakuwa diwani wa kifusi."

"Lakini Mwalimu, tumefanya haya kwa heshima yako!"

"Nimeona. Vua koti, ulete nyundo."

Fidencio aliwatazama wageni waalikwa, wote wakatazama viatu vyao. Akavua koti. Bamba la kwanza la saruji kubanduka lilianguka pamoja na kibao cha shaba, na mwalimu akakikanyaga akienda kutafuta majani makavu.